Bakhita na Siku Aliyosema Hapana

Kila mwaka, Jumapili ya Mchungaji Mwema, Kanisa Katoliki linapoombea miito, mabinti wa parokiani huulizwa swali lile lile: umewahi kusikia sauti ya Bwana ikikuita? Mimi ni mmoja wa wanaoulizwa. Nina miaka 27, nina kazi, nina mama anayesubiri wajukuu, na huu ni mwaka wa pili naitembelea nyumba moja ya masista kila mwisho wa mwezi nione kama maisha yale ni yangu. Sauti sijaisikia. Basi nimefanya kile ambacho sisi watu wa vitabu hukifanya tukikwama: nimekwenda kusoma habari za aliyenitangulia.

Nimemsoma Josephine Bakhita. Picha yake wengi mnaijua, yule sista mweusi wa Sudan mwenye uso mtulivu. Wahubiri hupenda kuanza na mateso yake ya utumwani kisha wakarukia utakatifu wake. Katikati hapo wanaruka siku moja, 29 Novemba 1889, ambayo kwangu ndiyo ufunguo wa yote. Wito wa Bakhita haukuanza siku alipoweka nadhiri na kusema "ndiyo". Ulianza miaka 7 kabla, siku aliposema "hapana".

Tuanze mbali kidogo. Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Darfur, magharibi mwa Sudan ya leo. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, kama dada yake alivyokuwa ametekwa kabla yake. Hofu ilimfanya alisahau jina alilopewa na wazazi. Hilo la Bakhita alipewa na watekaji, na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji mkalimani: linatoka kwenye shina lile lile la neno letu bahati. Mtoto aliyeibwa kwao akaitwa Mwenye Bahati. Alichuuzwa kutoka bwana hadi bwana, na akiwa katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Waturuki alichanjwa mwilini kwa wembe, chale zaidi ya 100, kisha chumvi ikasuguliwa kwenye majeraha ili alama zisifutike.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na Callisto Legnani, mwakilishi wa ubalozi wa Italia. Huyu hakumpiga. Jeshi la Mahdi lilipoukaribia mji, Legnani akajiandaa kuondoka, na Bakhita akamsihi amchukue. Walifika Italia mwaka 1885. Na hapo hapo, kwa upole wote wa Legnani, Bakhita akatolewa kama zawadi kwa familia ya Michieli, waliokuwa wakiishi Zianigo karibu na Venice. Akawa yaya wa binti yao mdogo, Mimmina. Meneja wa mali za familia, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita akauficha, akihofia bibi yake angemnyang'anya.

Familia ile ilikuwa na hoteli huko Suakin, bandari ya Sudan kwenye Bahari ya Shamu. Bibi Michieli alipotakiwa kumfuata mumewe kwa muda, alimwacha Bakhita na Mimmina Venice, kwenye nyumba ya masista Wakanosa walimofundishwa wakatekumeni. Miezi ikapita. Bibi akarudi: haya, jiandaeni, tunaondoka. Bakhita akakataa.

Hebu mfikirie. Ana miaka kama 20. Hana ndugu hata mmoja katika nchi ile, lugha anaisema kwa kubahatisha, na kwa zaidi ya miaka 10 kila aliyemwamuru alimtii, maana kutotii kulikuwa na mjeledi. Na kukataa kule kulikuwa na gharama, kwani kulimaanisha kuachana na Mimmina, mtoto aliyemlea kwa mikono yake. Bibi hakukubali. Shauri likafika kwa Patriaka wa Venice na kwa mwendesha mashtaka wa mfalme, na tarehe 29 Novemba 1889 likatolewa tamko: sheria za Italia haziutambui utumwa, msichana huyu ni huru, aende anakotaka. Akabaki. Mimmina akaondoka na mama yake.

Angalia alichokitaka siku ile. Hakutaka kuwa mtawa. Alitaka ubatizo, basi. Aliupata tarehe 9 Januari 1890, akaitwa Josephine Margaret, na kati ya majina yake likawekwa pia Fortunata, ambalo ni ile ile bahati kwa Kilatini. Safari hii alikuwepo na akaitika mwenyewe.

Kutoka pale hakuna haraka yoyote. Alikaa kwa masista, akafanya kazi, akasali, akawatazama wanavyoishi. Aliingia unovisi Desemba 1893. Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896, mjini Verona. Kabla ya hapo alihojiwa na Kardinali Giuseppe Sarto, Patriaka wa Venice wakati huo, ambaye mwaka 1903 alikuja kuwa Papa Pio X.

Kwa nini kardinali mzima akae na binti mmoja amhoji? Hapa historia inavutia. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kwamba mtu asiweke nadhiri kabla ya miaka 16 na kabla ya kumaliza mwaka mmoja wa majaribio, na kwamba binti ahojiwe na askofu au mjumbe wake: je, unafanya hivi kwa hiari, au umelazimishwa, au umedanganywa? Aliyemlazimisha mwanamke kuingia utawani alitengwa na Kanisa. Sheria kali namna hiyo haitungwi bila sababu. Mabinti walikuwa wakisukumwa. Mahari ya Ulaya ilitoka kwa familia ya bibi arusi, na mwenye mabinti watatu aliona nafuu kumwoza mmoja na kuwapeleka wawili monasterini, ambako malipo yalikuwa madogo.

Mji uliosifika kwa jambo hilo ni Venice yenyewe. Huko aliishi Arcangela Tarabotti, aliyezaliwa 1604, akaingizwa monasteri ya Sant'Anna akiwa bado msichana, bila wito wowote, akafia humo mwaka 1652. Tarabotti alikuwa mwandishi, na kalamu yake ilikuwa na pilipili. Kitabu chake kuhusu udhalimu wa akina baba kilichapishwa 1654, miaka miwili baada ya kifo chake, na baadaye kikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Hoja yake ukiifupisha ni hii: Mungu ametuumba na hiari, sasa ninyi akina baba mmepata wapi ruhusa ya kuiondoa?

Ona basi. Sheria ya Trento ilikuwa na umri wa nusu karne Tarabotti alipoingia. Nina hakika aliulizwa swali lililotakiwa. Lakini binti anayejua kwamba akisema "sitaki" hana nyumba ya kurudi atajibu nini? Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina uzito, hata ikisemwa mbele ya altare na vitambaa vyeupe. Bakhita alikaa mbele ya kardinali katika hali nyingine. Alikuwa ameshajaribu kusema hapana mbele ya watu wazito, na dunia haikuanguka. Mtumwa wa Darfur aliingia utawani akiwa huru kuliko binti wa Venice mwenye baba yake mjini.

Kwa upande wetu huku nimekuta kisa kinachofanana. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, na mwaka uliofuata, kisiwani Réunion, lilianzishwa shirika la Mabinti wa Maria, lililowapokea pia wanawake waliokuwa watumwa. Mwaka 1860 masista wa shirika hilo walifika Zanzibar, wakati soko la watumwa bado limefunguliwa. Mpangilio ni ule ule: uhuru kwanza, nadhiri baadaye.

Kiswahili chetu kinaugusa mzizi wa jambo hili bila kujua. Mtumwa na mtume ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Na bwana wa mtumwa tunamwita kwa neno lile lile tunalomwitia Mungu. Bakhita naye, kwa lahaja ya Venice, aliwaita mabwana zake "paron", kisha akamwita Mungu vivyo hivyo. Papa Benedikto XVI aligusia hilo katika waraka wake kuhusu matumaini, wa mwaka 2007. Neno moja, lakini tofauti ni kubwa kama bahari: mabwana wa kwanza hawakuwahi kumuuliza kama anataka.

Sasa nifike pagumu. Kuna maneno ya Bakhita yanayonukuliwa sana, kwamba angekutana na waliomteka angepiga magoti awabusu mikono, maana bila wao asingekuwa Mkristo wala mtawa. Nimeyasikia kwenye mahubiri yakitumika kama hitimisho: mnaona, Mungu alikuwa na mpango. Mimi hapo nasita. Kwanza, sauti ya Bakhita tunaipata kupitia wengine. Maisha yake aliyasimulia kwa sista mwenzake mwaka 1910 kwa sababu mkuu wake alimtaka afanye hivyo. Mwaka 1931 Ida Zanolini akachapisha kitabu kilichomfanya ajulikane Italia nzima. Mwaka 2017 Mfaransa Véronique Olmi akamgeuza kuwa riwaya. Kila mmoja ameweka mkono wake. Pili, aliyeumizwa ana haki ya kusamehe na kuyapa maumivu yake maana anayotaka. Msikilizaji hana haki hiyo kwa niaba yake. Tukisema utumwa ulikuwa njia ya Mungu ya kumfikisha utawani, tumemrudisha mahali ambapo wengine ndio walioamua, na ile 29 Novemba tumeifuta.

Na mwili wake haukudanganyika. Katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 1947, akiwa amekaa utawani zaidi ya nusu karne, alimwomba muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ni mizito. Wito haukufuta kilichotokea. Uliishi pamoja nacho ndani ya mtu mmoja.

Maisha yenyewe yalikuwa ya kawaida, na hili nalo limenisaidia. Kuanzia 1902 alikaa Schio, mji mdogo wa viwanda. Alipika, alidarizi, alitunza sakristia, kisha akawa sista wa mlangoni, anayefungua anapobisha mgeni. Afrika hakurudi. Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, na tangu 2015 sikukuu yake, 8 Februari, Kanisa linaombea watu wanaouzwa na kusafirishwa kinyume cha sheria. Lakini yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, alikuwa mtu wa kufungua mlango.

Sheria za Kanisa za leo zimebeba hofu ile ile ya Trento. Kumpokea unovisi mtu aliyeingia kwa nguvu, kwa woga mkubwa au kwa hila ni batili, na chini ya miaka 17 hapokelewi. Unovisi ni miezi 12 isiyopungua, nadhiri za muda si chini ya miaka 3, na za daima hazifungwi kabla ya miaka 21. Zamani niliuona mlolongo huu kama urasimu. Sasa nauona kama milango iliyoachwa wazi kwa makusudi, ili anayebaki awe amebaki.

Huku kwetu mabinti hawasukumwi kama Tarabotti, lakini tusidanganyane. Kuna nyumba ambako sista ni heshima ya ukoo, na binti akirudi kutoka unovisi anapokelewa kama aliyefeli. Kuna nyumba nyingine ambako kutamka tu utawa ni msiba, kwa sababu mahari imeshahesabiwa na wadogo wanasubiri ada. Wote hao, wa kusukuma na wa kuzuia, wanakosea kwa namna moja.

Kwa hiyo swali la sauti nimeliweka kando. Mlezi wa miito akiniuliza tena kama nimesikia kitu, nitamwambia ukweli kwamba bado, kisha nitamwambia ninachojiuliza badala yake. Je, nikimwambia mama "siolewi", nitaweza kusimama hapo? Na je, nikiwaambia masista "asanteni, siji", nitaweza kusimama hapo pia? Siku nitakayoweza kuyasema yote mawili bila kutetemeka, ndipo neno lolote nitakalochagua litakuwa langu.