Hesabu ya Fundi wa Angani

Lori likizima Mtito Andei, katikati ya barabara ya Nairobi na Mombasa, mwenyewe hupiga hesabu papo hapo: fundi na spea ni pesa ngapi, na mzigo una thamani gani? Setilaiti nazo zimepigiwa hesabu hiyo kwa miaka arobaini sasa.

Aprili 1984, wanaanga wa chombo cha Challenger waliikamata setilaiti ya Solar Max, iliyoungua fyuzi mwaka ule ule wa 1980 iliporushwa kuchunguza Jua. Wakaibadilishia kisanduku cha kuielekeza, ikarudi kazini. Iliwezekana kwa kuwa waliokiunda kisanduku hicho walikusudia kifunguliwe.

Intelsat 603 haikuundwa hivyo. Ilikwama chini mno Machi 1990, na wanaanga wa chombo cha Endeavour walipoifuata Mei 1992, kifaa maalumu cha kuidaka kilishindwa siku mbili mfululizo. Ndipo Pierre Thuot, Richard Hieb na Thomas Akers wakatoka nje wote watatu, wakaishika kwa mikono, mtambo wa tani zipatazo nne, wakaufungia injini mpya. Ufundi wa ajabu, lakini safari moja kama hiyo ilikula mamia ya mamilioni ya dola.

Roboti ndiyo iliyoshusha bei. Intelsat 901, ya mwaka 2001, ilikuwa nzima. Mafuta tu ndiyo yaliyokuwa yakiisha. Februari 25, 2020, MEV-1 ya kampuni ya Northrop Grumman iliingiza mkono ndani ya mdomo wa injini yake, ukajitanua humo na kuing'ang'ania. Ikaisukuma kwa miaka mitano, kisha ikaiacha juu zaidi, zinakotupwa setilaiti zilizostaafu.

Lakini Taifa-1, setilaiti ndogo ya Kenya iliyorushwa Aprili 15, 2023, iligharimu takriban shilingi milioni 50. Hakuna atakayeitumia fundi kwa bei hiyo. Mabaki ya roketi ndiyo kabisa hayana wa kuyalipia, na hapo ndipo hesabu inapotuumiza sisi. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijijini Mukuku, katika kaunti ya Makueni, iliko Mtito Andei. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Bahati njema, hakuna aliyeumia.

Mkataba wa kimataifa wa 1972 unailazimu nchi iliyorusha chombo kulipa kikiharibu mali au kudhuru watu ardhini. Malipo hayo huja baada ya maafa. Gharama ya kuyaondoa mabaki yangali juu ingepaswa kuwa ndani ya bei ya kurusha tangu mwanzo, na Kenya ina kila sababu ya kulidai hilo.