Makaburi ya Paka wa Berenike

Mtu akifiwa na paka aliyekaa naye miaka kumi na mitano, hakuna matanga. Hakuna anayekuja kuketi naye jamvini, na akionekana amevimba macho huambiwa huo ni uzungu. Ndani ya neno hilo limejificha dai la kihistoria: kwamba kumlilia mnyama ni tabia ya Ulaya ya juzijuzi, iliyotufikia pamoja na starehe nyingine za wenye nazo. Dai hilo lina chembe ya ukweli. London walianza kuzika wanyama katika bustani ya Hyde Park mwaka 1881, alipofukiwa mbwa aitwaye Cherry. Yakafuata makaburi ya Hartsdale, jimbo la New York, mwaka 1896, na ya Asnières, jirani na Paris, mwaka 1899. Lakini kilicholeta makaburi hayo ni msongamano wa miji. Mkazi wa ghorofani Paris hakuwa na ua wa kuchimba shimo, mizoga mingi ikaishia katika mto Seine, hadi sheria ya mwaka 1898 ilipoagiza izikwe mbali na makazi. Jipya hapo lilikuwa kiwanja cha kununua. Majonzi yalikuwapo kitambo, na ushahidi wake ulio wazi kuliko wote umefukuliwa Afrika.

Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, aliandika kwamba paka akijifia katika nyumba ya Wamisri, wote waliomo hunyoa nyusi; akifa mbwa, hunyoa kichwa na mwili mzima. Mwenye kubisha atasema paka wa Misri alihusishwa na Bastet, mungu wao wa kike, hivyo kunyoa huko kulikuwa ibada. Pingamizi hili ni zito. Paka wengi waliokaushwa na kufungwa sanda kule Misri walifugwa ili wauawe na kutolewa nadhiri hekaluni, na aliyewanunua pengine hakuwahi kuwapapasa. Kwa maneno ya Herodotus pekee hatuwezi kutenga simanzi na dini.

Berenike inatuwezesha. Ilikuwa bandari ya Misri katika Bahari ya Shamu, na Periplus, kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya 1, kinaitaja katika njia zilezile za bahari zinazoshuka hadi Azania, yaani pwani yetu hii, na soko lake la Rhapta. Nje ya mji huo wanaakiolojia wakiongozwa na Marta Osypińska wamefukua wanyama 585 waliozikwa kati ya karne ya 1 na ya 2: paka 536, mbwa 32, tumbili 15, mbweha mmoja na kozi mmoja. Hawakukaushwa, wala mifupa yao haina alama za kuchinjwa. Walilazwa mmojammoja, wengine wamefunikwa kitambaa au kigae cha mtungi, na baadhi ya paka wana vidani vya shanga shingoni. Atakayesema paka alithaminiwa kwa kuwa aliwinda panya wa ghalani na melini, ana haki ya kusema hivyo. Ila kazi haielezi wanyama wazee waliokwisha meno, au waliotembea kwa shida, ambao wasingeishi bila mtu kuwalisha. Wala hii haikuwa anasa ya mji wenye neema: kutoka Koptos, kando ya Nile, msafara ulitembea jangwani siku 12 kufika Berenike, na kila kipande cha nyama alichopewa mbwa kibogoyo kiligharimu.

Linabaki pingamizi linalouma zaidi, kwamba kumlilia mnyama ni kuwavunjia heshima wafu wetu. Lingesimama iwapo mtu angedai misiba hiyo miwili ilingane, na historia haidai hivyo. Hata Wamisri wa Herodotus walikuwa na kipimo, nyusi kwa huyu na mwili mzima kwa yule. Pwani yetu yenyewe inasoma hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtoto huyo alikuwa na kindege cha kuchezea, kikafa. Mtume alipomkuta na huzuni hakumkemea, wala hakumkumbusha misiba mikubwa ya watu wa Madina. Alimwita kwa jina lake la heshima, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za kindege chake kwa maneno yenye vina. Katika karne ya 10 mwanachuoni Ibn al-Qass alitunga kitabu kizima juu ya tukio hilo, akichambua mafunzo yapatayo 60 kutokana na swali moja aliloulizwa mtoto aliyefiwa na ndege.