Picha za harusi: Acha programu inakili kadi, kufuta baadaye

Mpiga picha mwenye wateja Kibaha na Kisarawe anaweza kuwa na kazi mbili ndani ya wikiendi moja. Jumamosi send-off ukumbini Maili Moja, Jumapili ndoa kijijini Maneromango. Katikati kuna usiku mmoja tu, na ndani ya usiku huo memori kadi ya Jumamosi inatakiwa ihamishwe, ikaguliwe na kufutwa ili itumike tena kesho yake.

Hapo ndipo picha hupotea. Ni saa saba usiku, mtu amechoka, anaburuta folda kutoka kwenye kadi kwenda kwenye laptopu na kusinzia. Umeme unakatika na betri ya laptopu nayo imechoka. Asubuhi anaiona folda ipo, anadhani mzigo wote umeingia, anafomati kadi na kuondoka. Kumbe zimeingia picha 600 kati ya 1,400. Na bibi aliyetoka Mzenga kuja kumcheza mjukuu wake hataitwa tena aje kushangilia upya.

Dawa ni kuitoa kazi hiyo mikononi mwa mtu aliyechoka na kuiachia programu. Kadi ikichomekwa, programu inaitambua, inafungua folda mpya yenye tarehe, inanakili picha sehemu mbili kwa mpigo, kisha inakagua kama zote zimefika. Kuitambua kadi si uchawi: kamera karibu zote huweka picha ndani ya folda iitwayo DCIM, kwa hiyo programu ikiikuta inajua hii ni kadi ya kamera, si flashi ya nyimbo.

Programu zipo za kulipia na za bure. Photo Mechanic, inayopendwa na wapiga picha wa magazeti na michezo, na Lightroom ya Adobe, zote zinaweza kuweka nakala ya pili kwenye diski nyingine wakati wa kuingiza picha. Kwa wanaotumia Linux kuna Rapid Photo Downloader ya Damon Lynch, ambayo ni bure: ikishapangwa, inaanza yenyewe kadi ikiingia, inabadili majina ya picha na kupeleka bakapu kwenye diski ya nje.

Mwenye Windows hana haja ya kununua kitu ili aanze. Ndani yake kuna amri iitwayo robocopy, na fundi kompyuta anayejua kazi anaweza kuiandikia faili dogo la kubofya mara moja tu. Uzuri wake ni kwamba umeme ukikatika katikati, ukianzisha tena inaruka picha zilizokwisha kuingia na kuendelea na zilizobaki. Unapomwagiza fundi, mpe sharti moja: inakili tu, isihamishe. Programu inayonakili na kufuta kadi kwa mkupuo mmoja ni hatari kuliko kuburuta kwa mkono, maana ikikosea inakosea haraka.

Majina yanayogongana

Mtego ambao wengi hawauoni mapema ni namba za picha. Kamera huhesabu mpaka 9999 kisha hurudi 0001. Wapiga picha wawili kwenye harusi moja, wote na Canon, wanaweza kila mmoja kuwa na IMG_0231: ya huyu ni maharusi wakikata keki, ya yule ni wazee wakipokea zawadi. Kadi zote mbili zikimwagwa kwenye folda moja na programu imeruhusiwa kuandika juu ya faili la zamani, picha moja inaifuta nyingine kimya kimya.

Kwa hiyo programu ipangwe ianze jina kwa tarehe, saa, na alama ya kamera. Hapo saa za kamera zote nazo lazima zifanane. Kamera iliyokaa muda mrefu bila betri inaweza kupoteza tarehe, na kuna mtu akiambiwa arekebishe anaweka saa 8:00 kwa sababu sherehe imeanza saa nane mchana. Kamera inataka 14:00. Kosa hilo dogo linawatoa maharusi ukumbini kabla hawajafika kanisani.

Pasipo na kompyuta

Kwa kazi za vijijini kuna Little Backup Box, mradi wa bure ulioanzishwa na Dmitri Popov. Unatumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kiganjani na inayoweza kuendeshwa kwa pawabenki. Unachomeka kadi na diski, inanakili yenyewe huku mpiga picha anakula ubwabwa. Kuiandaa mara ya kwanza kunahitaji mtu mwenye subira, lakini baada ya hapo hata msaidizi mgeni anaweza kuitumia.

Kasi nayo ipangiwe muda. Kadi ya GB 64 iliyojaa, kwenye kisoma kadi cha zamani cha USB 2.0 kinachotoa megabaiti 30 kwa sekunde, inachukua kama dakika 35. Kisoma cha USB 3.0 na kadi ya kasi ya megabaiti 90 vinaimaliza kwa dakika 12 hivi.

Wapiga picha wengi duniani hufuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikae mbali. Hiyo ya mbali ndiyo inayosahaulika. Laptopu na diski ya nje zikipanda bodaboda ndani ya begi moja, mwizi akilivuta begi anaondoka na nakala zote. Diski moja ibaki Kibaha, nyingine ikae kwa ndugu Kisarawe.

Kwa nini isiwe intaneti tu? Piga hesabu. GB 64 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 28, na bando litakuwa limeisha siku nyingi. Picha 400 zilizochaguliwa, zenye megabaiti 5 kila moja, hupanda ndani ya saa moja hivi. Hizo ndizo za kupeleka mtandaoni.

Wanaotegemea simu waangalie hapa. SnapBridge ya Nikon huweza kutuma picha kwenye simu yenyewe, lakini zile zinazokuja moja kwa moja wakati wa kupiga ni ndogo za megapikseli 2, za kurusha WhatsApp. Hiyo si bakapu. Google Photos nayo inatoa GB 15 za bure tu, zinazogawanwa na barua pepe, na isipowekwa kwenye ubora halisi inabana picha.

Na kama kadi imeshafomatiwa kimakosa, itolewe kwenye kamera palepale, isipigiwe hata picha moja. Kwa kawaida kufomati kwa kamera hufuta orodha ya picha, si picha zenyewe. Kinachoziua ni picha mpya zinazoandikwa juu yake. Programu ya bure ya PhotoRec huweza kuzichimbua. Zitarudi bila majina yake ya mwanzo, ila tarehe na saa zilizoandikwa ndani ya kila picha hubaki, hivyo zinaweza kupangwa upya.