Nchi Iliyo Kati ya Maziwa Mawili

Msafiri atokaye Arusha kwenda Ngorongoro hupita Mto wa Mbu, kisha gari lake huanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa Manyara hubaki nyuma yake, chini kabisa. Na huko juu hupokewa na hewa ya baridi, udongo mwekundu, na mashamba ya mahindi, ngano, maharage na mbaazi yaliyotandazwa juu ya vilima. Baada ya muda mfupi yuko penye lango la hifadhi, na nchi aliyoipita amekwisha kuisahau. Hali hii si ya Karatu peke yake. Nepal, iliyofungua milango yake kwa wageni baada ya mwaka 1951, hujulikana duniani kwa kilele cha Everest kilichokanyagwa mwaka 1953, lakini ni wachache wamtajao mkulima aliyechonga matuta katika miteremko iliyo chini ya theluji. Nchi za milima zina bahati mbaya hiyo, kuwa urefu wa milima yao huwafunika watu wao.

Endabash iko kusini mwa mji wa Karatu, upande wa kuelekea Mbulu, mahali ambapo magari ya watalii hayafiki ila kwa nadra. Ni sehemu ya uwanda ulioinuka baina ya Ziwa Manyara upande wa mashariki na Ziwa Eyasi upande wa magharibi. Kaskazini umesimama mlima Oldeani, upitao mita 3,000, ambao jina lake katika Kimasai ni mwanzi, kwa sababu ya misitu ya mianzi iliyouvika. Nyuma yake ndipo ilipo kasoko ya Ngorongoro, yenye sakafu ya kilomita za mraba 260 hivi na kuta za kiasi cha mita 600.

Majina ya mahali ndiyo kitabu cha kwanza cha historia ya nchi hii. Oldeani ni neno la Wamasai; Qurus lina herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo; Endabash, Endamarariek na Endamaghang yanaanza kwa sauti moja kama watoto wa nyumba moja. Katika eneo dogo hili hukutana lugha za asili nne: Kiiraqw, ambacho ni Kikushi, Kidatoga na Kimasai, ambazo ni za Kiniloti, lugha za Kibantu, na Kihadza cha wawindaji wa Eyasi, chenye sauti za kidoko, ambacho wataalamu hawajakipatia ndugu wa hakika. Ni nchi chache za Afrika ziwezazo kujivunia mkutano wa namna hiyo.

Wairaqw, ambao zamani waliitwa Wambulu na watu wa nje, hawakuwa wenyeji wa Karatu tangu kale. Kitovu chao ni Irqwar Da'aw, nyanda za juu za Mbulu, zilizozungukwa na magenge na misitu. Humo waliishi wakisongamana, na msongamano ukawafunza kilimo cha bidii: kukusanya samadi ya ng'ombe waliofungiwa nyumbani, kuinua matuta, kuongoza maji ya mvua yasichukue udongo. Nyumba zao walizichimbia ubavuni mwa mlima, paa likiwa sawa na ardhi, hata adui aweza kupita juu asijue kuwa chini yake wamelala watu na mifugo. Adui huyo mara nyingi alikuwa Mmasai, ambaye kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwatoa Wadatoga katika Ngorongoro.

Mizani hiyo ilivunjwa na ugonjwa. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwamaliza ng'ombe wa Wamasai, na Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kasoko, alipofika mwaka 1892 alikuta humo watu waliokondeshwa na njaa. Wajerumani wakafuata na boma lao Mbulu, na ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf wakafuga ng'ombe ndani ya kasoko yenyewe mpaka vita ya 1914. Chini ya Waingereza walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi, walipanda kahawa katika miteremko ya Oldeani. Wakati huohuo Wairaqw walikuwa wakishuka kutoka milimani mwao, ukoo baada ya ukoo, kuelekea kaskazini. Serikali ilifyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o, na baadaye ikawalazimisha watu kupunguza mifugo, jambo lililoacha uchungu. Lakini mwenye jembe hakungoja mpango wa mtu. Alikwenda ilikokuwa ardhi.

Watu waliozoea kujichagulia njia hawakuacha tabia hiyo penye siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, alikochaguliwa Herman Sarwatt, mwanachama wa chama hichohicho, dhidi ya Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Miaka 35 baadaye, mwaka 1995, Karatu ilimpeleka bungeni Dkt. Willibrod Slaa kwa tiketi ya CHADEMA, ikaendelea kuchagua upinzani hadi 2020. Huenda ni sadfa, lakini ni sadfa ya kutazamwa mara mbili.

Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa, na mpaka wake ukawa ukuta usioonekana mbele ya jembe. Ndani, Wamasai waliohamishwa kutoka Serengeti waliahidiwa makazi. Kilimo kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009, na tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wengi Msomera, wilayani Handeni, jambo ambalo wengine wamelipokea na wengine wamelipinga vikali. Nje ya mpaka, wajukuu wa waliotoka Irqwar Da'aw wanagawana mashamba ambayo kila kizazi huyakuta yamepungua. Irqwar Da'aw ilipojaa palikuwako Karatu. Karatu ikijaa, kaskazini kuna hifadhi, mashariki genge la Manyara, na magharibi bonde kame la Eyasi, ambako vitunguu vya Mang'ola hunyweshwa na chemchemi zinazotoka chini ya Oldeani, na maji yakipungua, wakulima hukesha wakingoja zamu.