Jamaa ya op den Graeff na Barua ya Mwaka 1688

Katika jubilei yatupasa kuwakumbuka waliotutangulia katika imani, wala si wale wa nchi yetu peke yao. Hapa twataka kuwaeleza wasomaji habari za jamaa moja ya Wamenonaiti wa Ulaya. Hawakuwa wakuu wala watu wa vita. Kazi yao ilikuwa kitani. Jina lao ni op den Graeff. Katika habari zao twaona ya kuwa mtu aliyeonewa, asiposahau kuonewa kwake, humtambua upesi mwingine aonewaye.

Kwanza yafaa tujue Wamenonaiti walivyoanza. Mwaka 1525, katika mji wa Zürich nchini Uswisi, walitokea Wakristo waliofundisha ya kuwa ubatizo ni wa mtu aliyeamini mwenyewe, wala si wa mtoto mchanga. Wenye kutawala, Wakatoliki na Waprotestanti pia, waliwakasirikia, na wengi wakachomwa moto au kutoswa majini. Mwaka 1536 padre mmoja wa Friesland, jina lake Menno Simons, aliacha upadre akajiunga nao. Aliwakusanya waliotawanyika, akawafundisha kutoshika upanga. Kwa jina lake wakaitwa Wamenonaiti.

Herman op den Graeff alizaliwa mwaka 1585 huko Aldekerk, kijiji cha Ujerumani kilicho karibu na mpaka wa Uholanzi. Baadaye alikaa Krefeld. Mji huo mdogo ulikuwa chini ya nyumba ya Orange, nayo iliwaacha Wamenonaiti wakae kwa amani, hali katika nchi za jirani walikuwa wakifukuzwa. Herman alifanya biashara ya nguo za kitani, tena alikuwa mhubiri. Yeye na mkewe, Grietgen Pletjes, walijaliwa watoto 18. Mwaka 1632 wajumbe wa Wamenonaiti walikutana Dordrecht, Uholanzi, wakakubali ungamo la imani lenye mafungu 18. Fungu moja lawaagiza waaminio kuoshana miguu, na jingine lakataza kulipa kisasi. Miongoni mwa walioweka majina yao alikuwamo Herman, kwa niaba ya kanisa la Krefeld. Akafariki mwaka 1642.

Wajukuu wake watatu, Herman, Derick na Abraham, wana wa Isaac, ndio waliovuka bahari. Katika siku zao mafundisho ya Marafiki wa Uingereza, ndio waitwao Wakweka, yalifika Krefeld. Baadhi ya Wamenonaiti wakavutwa nao, kwa kuwa Marafiki nao walikataa vita na viapo. Na hao ndugu walikuwa katika waliovutwa. Rafiki mmoja, William Penn, alikuwa amepewa na mfalme wa Uingereza nchi kubwa huko Marekani, iitwayo Pennsylvania, naye aliahidi ya kuwa hapana mtu atakayeonewa kwa ajili ya dhamiri yake. Basi mwaka 1683 jamaa 13 za Krefeld zilipanda merikebu iitwayo Concord. Walitweka Gravesend tarehe 24 Julai, wakafika Philadelphia tarehe 6 Oktoba. Hao ndugu watatu walikuwa wamenunua eka 2,000. Wakaanzisha mji, nao ukaitwa Germantown, maana yake Mji wa Wajerumani. Wakafyeka msitu, wakasimamisha vitanda vya kufumia. Hata mwaka 1686 Abraham aliomba apewe zawadi ambayo Penn alimwahidia mtu atakayefuma kitani cha kwanza na kizuri kupita vyote.

Lakini katika nchi ile ya uhuru waliona jambo lililowachoma moyo. Mwaka 1684 merikebu Isabella ilileta Philadelphia Waafrika wapatao 150, wakauzwa. Walionunua hawakuwa wapagani. Wengi walikuwa Marafiki, watu wa sala. Penn mwenyewe alikuwa na watumwa.

Ndipo mwaka 1688 watu wanne wa Germantown walipoandika barua kuwapelekea Marafiki. Wawili walikuwa Derick na Abraham op den Graeff. Wengine ni Gerret Hendericks na Francis Daniel Pastorius. Maneno yao yalikuwa mepesi kufahamika. Waliwakumbusha wenzao jinsi wasafiri wa baharini walivyoogopa kukamatwa na Waturuki na kuuzwa. Je, kuna tofauti gani kumfanyia hayo mtu mweusi? Walitaja ile amri ya kumtendea mwingine kama upendavyo kutendewa, bila kuchagua rangi wala ukoo. Walisema ya kuwa aibaye mtu na amnunuaye aliyeibwa ni sawa. Waliwashitaki wanaomtenga mke na mume na kuwauza watoto. Tena wakasema: huko Ulaya wengi huonewa kwa ajili ya dhamiri, na hapa wanaonewa walio weusi. Hapo twasikia sauti ya watu waliokulia Krefeld, mji wa waliokimbilia.

Barua ilisomwa kwanza katika baraza la karibu. Wazee wakaona jambo ni zito, wakalipeleka kwa baraza la Philadelphia. Hao nao wakaona ni zito mno kwao, wakamwagiza Derick na wenzake walipeleke kwa baraza kuu la mwaka, huko Burlington. Baraza kuu nalo likaona haifai kulikata shauri wakati ule, likaliweka kando. Hayo yote yalitukia mwaka ule ule wa 1688.

Derick alikufa mwaka 1697, asione matunda. Miaka 88 ilipita tangu barua ile hata mwaka 1776, Marafiki wa Philadelphia walipokataza watu wao kushika watumwa. Na mwaka 1780 Pennsylvania ikatunga sheria ya kuukomesha utumwa polepole. Barua yenyewe ilisahauliwa, ikaonekana tena mwaka 1844.

Wamenonaiti wengine waliwafuata wale wa kwanza Pennsylvania, na tangu mwaka 1710 Waswisi wakakaa Lancaster. Kutoka Lancaster mwaka 1934 walikuja wamisionari Shirati, karibu na Ziwa Viktoria, miaka 12 tu baada ya sheria kuufuta utumwa katika Tanganyika. Basi habari hizi si za mbali kwetu: waliotetewa katika barua ile walikuwa Waafrika.

Tunawaomba walimu wawasimulie watoto habari za wafumaji hawa, na wazee wa makanisa wazitafakari katika mabaraza yao. Wale waliokaa Burlington hawakuwa watu wabaya. Hawakusema ya kuwa barua ni ya uongo; walisema tu ya kuwa ni nzito, na wakati haujafika. Lakini kwa mtu aliyefungwa, mzigo huo ulikuwa mzito kila siku, na wakati ulikuwa umekwisha kufika. Inapoletwa mbele yetu haki ya mtu aonewaye, tuangalie tusiipandishe kutoka baraza hata baraza mpaka mwenye kuonewa amekwisha kufa.