Jezi za Rio na Mkono wa Sheria

Julius Yego alifika uwanja wa ndege wa Nairobi na virago vyake, tayari kwa Olimpiki ya Rio ya 2016, akaambiwa hana tiketi. Huyu ndiye bingwa wa dunia wa mkuki wa 2015. Tiketi ikatafutwa mbio mbio, akaenda, akarusha mita 88.24 na kurudi na medali ya fedha. Wenzake nao walilalamikia sare zisizowafikia, na kijiji cha wanamichezo kilipofungwa, baadhi yao walilazwa katika makazi duni. Kenya ilipata medali 13, sita zikiwa za dhahabu. Huku Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, ambako mtoto hufunga kamba za njumu alizorithi kwa kaka yake, habari ya jezi kupotea mikononi mwa wakubwa iliuma.

Rio ni kitovu cha historia ya sheria za michezo Kenya kwa sababu hapo sheria ilifika hadi kwa waziri. Polisi waliwakamata maofisa wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya, na Oktoba 2018 mashtaka yakafunguliwa. Kipchoge Keino, shujaa wa Mexico 1968 aliyeongoza kamati hiyo tangu 1999, aliondolewa mashtaka. Septemba 2021 mahakama ya ufisadi ya Milimani ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo, Hassan Wario, ikampa faini ya Sh3.6 milioni au kifungo cha miaka sita. Alilipa. Stephen Soi, aliyeongoza msafara wa Rio, naye alipatikana na hatia.

Zamani haikuwa hivi. Chama cha michezo kilisajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, sawa na jumuiya ya mazishi, na ugomvi wake uliishia kwenye mikutano ya wajumbe wale wale. Adhabu kali zilitoka nje. Maurice Odumbe, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya Kenya, alifungiwa miaka mitano mwaka 2004 kwa kupokea pesa za wacheza kamari. Jaji wa kutoka Zimbabwe ndiye aliyesikiliza kesi yake. Rita Jeptoo, mshindi wa marathoni ya Boston, alinaswa na pufya mwaka 2014 na kabla ya Februari 2015 alikuwa ameshafungiwa miaka miwili, ambayo mahakama ya kimataifa ya michezo iliyoko Uswisi iliongeza ikawa minne. David Okeyo, kigogo wa Riadha Kenya, alisimamishwa na shirikisho la dunia Novemba 2015 kuhusu pesa za mfadhili, na hukumu ya kufungiwa maisha ikaja 2018. Hukumu ya mkimbiaji ilikuja baada ya miezi, ya kiongozi baada ya miaka. Tofauti hiyo hainipi amani, maana mkimbiaji hana mshahara mwingine.

Sheria ya Michezo ya 2013 ilileta Msajili wa Michezo na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Sheria ya kupambana na pufya ikafuata 2016, ikipitishwa upesi kwa hofu ya kuzuiwa Rio. Jopo halikuogopa: lilifuta uchaguzi wa shirikisho la soka mara mbili, Desemba 2019 na Machi 2020. Lakini soka ina ukuta wake. Waziri wa michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, alipovunja uongozi wa shirikisho Novemba 2021 kwa madai ya ubadhirifu, FIFA ilijibu Februari 2022 kwa kuifungia Kenya, na timu ya taifa, Harambee Stars, ikaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika. Miezi tisa wachezaji walilipia deni ambalo si lao.

Na kijana wa timu ya mtaa aliyeachwa kikosini kwa hila, au aliyenyimwa haki yake, aende wapi? Aanze ndani ya chama chake. Akishindwa, apeleke rufaa kwa Jopo, iwapo kanuni za shirikisho la kitaifa zinaruhusu. Jopo liko Nairobi, ng'ambo ya Tsavo, mwendo wa takriban kilomita 480, na sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza. Ningependa kifungu hicho cha rufaa kiandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa pale Ziwa la Ng'ombe, kando ya karatasi ya kikosi cha Jumamosi.