Elimu ya wauguzi Tabora: Si lazima kufunga safari

MUUGUZI wa Tabora anayetaka shahada mara nyingi hulazimika kufunga safari kwenda Dodoma au Dar es Salaam. Ndiyo njia ya zamani ya misafara iliyounganisha Ujiji na Bagamoyo, ambayo Reli ya Kati iliifuata kwa sehemu kubwa na kufika mjini hapa mwaka 1912. Anapoondoka, wenzake hugawana zamu zake. Mganga mfawidhi akitoa ruhusa, wodi inapungukiwa. Akikataa, ujuzi wa muuguzi unachakaa.

Kubaki nyuma hakuruhusiwi. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalotoa leseni chini ya Sheria ya mwaka 2010, humtaka anayeihuisha aonyeshe kuwa ameendelea kujifunza.

Hospitali inaweza kufundisha bila kumsafirisha mtu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walifanya vizuri katika mazoezi, lakini utendaji wao katika chumba cha kujifungulia haukubadilika. Ndipo yakaanzishwa mazoezi ya dakika chache, ya mara kwa mara, kwa kutumia mdoli, palepale kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua.

Mpango uliojengwa juu ya utaratibu huo ulifikishwa katika vituo 30 vya mikoa mitano, Tabora ikiwamo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025, vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Hakuna semina ya hotelini (ambayo aghalabu humnufaisha aliyeteuliwa peke yake) inayoweza kujivunia hayo.

Mdoli pekee hautoshi. Kila wodi inahitaji msimamizi wa mafunzo ambaye muda wake umeandikwa katika ratiba ya zamu.

Kwa wanaotafuta sifa ya juu, Kenya ilianza mwaka 2005, kupitia Amref na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo, kuwapandisha wauguzi kutoka cheti hadi stashahada kwa kompyuta huku wakiendelea na kazi. Hospitali inayofuata mfano huo haina budi kutenga kompyuta, intaneti na saa za kusoma, kwani atokaye zamu ya usiku husinzia tu. Aidha, mwajiri ashughulikie mapema mabadiliko ya cheo na mshahara, la sivyo aliyehitimu atatafuta uhamisho.